Vikaratasi vya Lala Salama

Kaka yangu ameendesha trela kutoka Mombasa hadi Goma kwa miaka 11. Njia hiyo anaijua kama ngazi za kwao: Mariakani, Malaba, Kampala, Mbarara, Kisoro, Bunagana, kisha vumbi jeusi la volkano mpaka Goma. Bunagana ilipotekwa na waasi wa M23 mwezi wa Juni 2022, madereva wakazunguka kwa Katuna na Gisenyi. Halafu Goma yenyewe ikaanguka Januari 2025. Siku hiyo kaka alikuwa amelala Mbarara na kontena la sabuni na mafuta ya kupikia. Alingoja siku nne, mwenye mzigo akampigia simu ageuze, na tangu hapo trela ikawa inaishia Kampala, naye kila akipata nafasi anarudi Kakoba, mjini Mbarara, kwenye vyumba viwili alivyopanga na mkewe, binti wa Kikongo aliyemwoa miaka mitatu nyuma.

Mama yetu kule Mji wa Kale, Mombasa, hakuridhika na salamu za simu. "Simu haionyeshi mtu kakonda," akaniambia. Nikafunga mkoba.

Basi liliniteremsha Mbarara alfajiri, baridi imenishika mpaka mifupani, maana sisi watu wa pwani hatuijui baridi ya nchi iliyo juu namna ile. Kaka alikuja kunichukua na bodaboda mbili, moja ya kwangu na moja ya mkoba. Kakoba ni upande wa mji unaoteremka kuelekea Mto Rwizi: nyumba za matofali mekundu zimebanana, mabweni ya wanafunzi, wauza makaa, baiskeli zilizobeba mikungu ya matoke mpaka mwendeshaji haonekani. Kwenye kona kulikuwa na foleni ya watu na vidumu vyao wakisubiri maziwa. Wifi alikuwa ameshachemsha chai ya maziwa matupu, haina tone la maji. Ankole, eneo hili la Mbarara, ni nchi ya ng'ombe, na chai yake inakwambia.

Mwenye nyumba wao ni bibi wa miaka sitini na kitu, anakaa mlango wa mbele. Nilipomwamkia kwa Kiswahili aliniangalia kwanza, ndipo akaitika. Baadaye wifi alinieleza: wazee wengi wa hapa Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari. Kambi ya Simba iko papa hapa Mbarara. Wanajeshi wa Idi Amin walisema Kiswahili, na waliokuja kumwondoa wakasema Kiswahili.

Jioni bibi mwenyewe akatutolea viti uani, akasimulia, wifi akitafsiri pale Kiswahili chake kilipokwama. Septemba 1972 wapinzani wa Amin walivuka kutoka Tanzania wakaivamia kambi ile, wakashindwa, na waliobaki mjini wakalipa kwa damu. Yeye alikuwa mtoto mdogo, anakumbuka milango iliyofungwa mchana. Kisha mwisho wa Februari 1979 wakaja Watanzania. Amin alikuwa ameivamia Kagera mwishoni mwa 1978, ameua watu, amevunja daraja la Kyaka, na majeshi ya Nyerere yalipojibu yakapitia Masaka na Mbarara kwa mizinga. Miji yote miwili ilibomolewa vibaya. Bibi alilala kwenye migomba siku tatu na mama yake na mbuzi mmoja.

"Tuliwaita bakombozi," alisema. Wakombozi. Jina hilo alilitamka kwa heshima ya kweli, kisha akanyoosha mkono kuelekea mjini, akasema duka la baba yake liliangushwa na wakombozi hao hao.

Baada ya kimya akauliza swali ambalo sikulitarajia kwake. "Sisi walikuja, wakaondoka. Yakaisha. Hawa wakwe wa kaka yako, kwa nini kwao haiishi? Kwa nini nchi nyingine inavamiwa mara moja, na nyingine kila siku?"

Kaka alijibu upesi, kama ajibuvyo kila dereva wa njia ile: madini. Kule Rubaya, Masisi, mashariki ya Kongo, watu wanachimba kwa majembe koltani ambayo ndani yake mna tantali, na tantali imo katika simu iliyokuwa mfukoni mwake. Hakukosea. Bei ya koltani ilipopaa mwaka 2000, bunduki zilifuata bei. Rubaya ilipotwaliwa na M23 mwaka 2024, waasi walipata kisima cha fedha.

Lakini jibu hilo halikunitosha, na nilipolala liliendelea kunisumbua. Botswana ilivumbua almasi Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa almasi duniani, na hakuna jeshi la jirani lililokwenda kukaa juu ya machimbo yake. Mali huwaamsha wezi, hilo kweli. Haielezi kwa nini nyumba moja huvunjwa mara kumi na ya pili yake, yenye mali ile ile, ikaachwa.

Siku ya tatu tukaenda Nakivale, kwa baba mkwe wa kaka. Tulipanda taksi, ambayo huku ni ile tunayoiita matatu, mpaka ndani ya wilaya ya Isingiro. Migomba inakusindikiza vilima na mabonde, kisha nchi inashuka na kuwa kavu, miti ya miiba inaanza, na ghafla ziwa linaonekana, la kijivu, limetulia, mafunjo yamelizunguka. Makazi ya wakimbizi yamelizingira ziwa hilo pande nyingi. Wakaaji wake wamepita laki na nusu: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia. Base Camp, penye ofisi na soko kuu, ni mji kamili. Msomali anauza simu, fundi wa Kikongo anashona vitenge chini ya turubai, Mwethiopia anakaanga kahawa, na lugha inayowaunganisha nusu ya watu wale ni hiki hiki Kiswahili changu, kimevaa nguo nyingine.

Mzee alitupokea mlangoni pa nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa karatasi ngumu ya plastiki. Nilimpa shikamoo kama tunavyofanya kwetu. Akacheka kidogo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Jambo yako, mama. Karibu mu nyumba." Mimi ni sawa na binti yake wa pili, lakini kwa Wakongo mwanamke mgeni ni mama, na heshima hiyo haikurudishwa nyuma hata nilipomwomba aniite mwanangu.

Tulikula fufu, sombe, na samaki wa ziwani aliyeletwa na kaka kutoka sokoni. Mgao wa chakula umepunguzwa mara nyingi miaka hii, na familia nyingine zimetolewa kabisa kwenye orodha, kwa hiyo mgeni mwenye adabu huja na chakula chake. Baada ya kula ndipo nikamweleza mzee swali la bibi wa Kakoba.

Hakunijibu. Alimtuma mjukuu ndani, akarudi na mfuko mdogo wa plastiki uliowahi kuwa wa chumvi, umefungwa kwa uzi wa mgomba. Akaufungua taratibu, akatandika mkekani vikaratasi tisa, kimoja kimoja, kama mtu apangaye karata.

Kilikuwepo kimoja cha ukubwa wa kiberiti, kilichokatwa kwenye daftari la shule, mistari ya buluu bado inaonekana. Kingine kilikuwa cha karatasi ngumu ya waridi, na muhuri wa duara uliochongwa kwa mkono, herufi moja imegeuka kichwa chini. Juu ya vingi uliandikwa mwezi, jina lake, na faranga 1,000. Kule kwao Masisi wanaviita jetoni, na kodi yenyewe inajulikana Kivu nzima kwa jina la lala salama. Kila kikundi chenye silaha kinachoshika kilima kinamtoza kila mtu mzima kwa mwezi, ili, wanasema, alale salama. Ukipita kwenye kizuizi bila jetoni ya mwezi ule, utalipa tena au utapigwa. Majina yaliyo kwenye ile mihuri siyaandiki, kwa kuwa mzee ana ndugu waliobaki. Itoshe kusema kuwa vikaratasi tisa vilitoka kwa mabwana saba, na wote saba walisimama juu ya shamba moja lisilotimia hekta.

"Kila mwenye iko na bunduki anasema iko nalinda sisi," alisema. "Tunamulipa, na bado hatulale."

Nikamwuliza wavamizi hao walikuwa wageni au watu wa kwao. Akachukua kile kikaratasi cha waridi, akakiinua. "Huyu, jirani yangu ndiye alimuleta. Bale banatoka mbali, ni jirani anabaonyesha njia."

Shamba hilo mzee alilipata mwaka 1978 kutoka kwa mwami, yaani chifu wa jadi, kwa ng'ombe mmoja na pombe ya ndizi mbele ya mashahidi. Lakini sheria ya 1973 ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa imeshaifanya ardhi yote kuwa ya dola, na wakubwa wa zama za Rais Mobutu walijichukulia mashamba makubwa ya mifugo Masisi kwa hati za serikali. Kwa hiyo juu ya kilima kile kile yupo mwenye neno la mwami, yupo mwenye hati ya Kinshasa, na yupo aliyelima miaka thelathini bila hili wala lile. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma kwa ndege, na barabara ya kukufikisha hakuna. Ugomvi ukitokea, hakimu yuko wapi? Kigali iko karibu, kwa gari ni asubuhi moja tu. Kampala nayo si mbali.

Halafu lipo la pili, zito zaidi. Tangu mwaka 1937 Wabelgiji walihamisha familia nyingi kutoka Rwanda kuwapeleka Masisi kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wengine wenye asili ya huko walikuwepo kabla hata ya mipaka ya Wazungu. Mwaka 1972 sheria ya Mobutu ikawapa uraia waliokuwepo tangu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikauondoa. Mtu alilala Mzaire akaamka mgeni, na shamba lake likaamka halina mwenyewe. Mwaka 1993 vita vya majirani vikawaka Masisi na Walikale, na hapo ndipo mzee alipokimbia mara ya kwanza. Nilimwuliza kabila lake, akaniambia ndilo hilo lililomkimbiza, basi tuliache lilale.

Nikiwa nimeketi pale mkekani nilikumbuka kwetu, na nikajiona mjinga kwa kutokumbuka mapema. Mimi ni mtoto wa Mvita, yaani Mombasa. Jina la kisiwa chetu wazee wanalitoa kwenye vita. Wareno walituchoma Agosti 1505, wakarudi 1528, wakarudi 1589, wakajenga Ngome ya Yesu 1593. Waomani wakaizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Sayyid Said wa Oman akautwaa mji 1837, Mwingereza akaja 1895. Shuleni tulifundishwa sababu ni bandari: maji ya kina, upepo mzuri, dhahabu na pembe zikipita. Sawa. Ila bandari nzuri ni nyingi katika pwani hii. Shuleni hatukusisitiziwa nani aliyefungua mlango. Malindi, kwa uhasama wake na Mombasa, iliwakaribisha Wareno mwaka 1498, na Wareno walipomaliza kuivunja Mombasa wakamhamisha sheikh wa Malindi aje kututawala. Wazee wa Mombasa nao wakatuma ujumbe Oman kuomba msaada, na msaada ulipokuja haukurudi kwao. Mazrui, waliokuwa wakiutawala mji, wakaomba bendera ya Kapteni Owen, Mwingereza, mwaka 1824 ili wajikinge na Sayyid Said. Ndani ya mji makundi mawili ya koo, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, hayakuelewana, na Thelatha Taifa ndio waliomwita Sayyid Said aje awaondolee Mazrui. Kila jeshi lililotushukia lilikuwa na mwenyeji wake aliyelingoja ufukweni.

Si kwetu peke yetu. Polandi, tambarare iliyo wazi mashariki na magharibi, iligawanywa na majirani zake mwaka 1772, 1793 na 1795 mpaka ikafutika kwenye ramani kwa miaka 123. Tambarare ilisaidia farasi kukimbia, ndiyo. Lakini mwaka 1792 ni makabaila wa Polandi wenyewe, katika muungano wa Targowica, waliomwita Malkia Catherine wa Urusi alete jeshi lake, kwa sababu katiba mpya ya nchi yao ilipunguza haki zao.

Hiki ndicho ninachokiamini sasa, na nimekifikia kwa vikaratasi tisa. Nchi huvamiwa mara kwa mara pale ambapo swali la nani mwenyeji limeachwa wazi. Mali humwita mvamizi, jiografia humrahisishia njia, ila anayeweza kukaa ni yule anayemkuta mtu wa kumwambia: karibu, mimi ndiye mwenye hapa, yule pale ni mgeni. Na yule aliyeitwa mgeni naye hutafuta wake wa kumkaribisha.

Kongo ya mashariki inalionyesha jambo hili kuliko mahali popote ninapopajua. Kiswahili nilichokuwa nikizungumza na mzee kilifika kwao kwa misafara ya Unguja, ya pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Unguja aliyejulikana kama Tippu Tip, hakuitawala Manyema kwa watu wa pwani peke yao: alikuta wakubwa wenye magomvi, akachagua upande, akawa mkubwa wa wakubwa. Leopold wa Ubelgiji, aliyetambuliwa mwaka 1885 kuwa mwenye nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, alimpa Tippu Tip huyo huyo ugavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na miaka mitano baadaye majeshi ya Leopold yakaanza vita vya kuwafagia watu wa pwani. Sisi wa Mombasa na Unguja tunapenda kujisimulia kama waliovamiwa. Kwa babu wa mzee yule sisi tulikuwa vikaratasi vya kwanza. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa, akasema babu yake alijua kumtisha mtoto kwa jina la Waungwana, yaani sisi.

Wifi alileta chai ya rangi. Mzee akaanza kuvirudisha vikaratasi mfukoni, nami nikamwuliza kwa nini anavitunza akiwa Uganda, ambako hakuna atakayemtoza. Akasema akirudi kwake huenda yeyote kati ya wale saba akawa amerudi pia. Atataka kuona kuwa alilipa.

Alasiri kaka alinitembeza kwa bodaboda kandokando ya ziwa. Tulipita kijiji kimoja, tukafika kingine, na majina yakawa yanazungumza: Kigali, New Congo, Mogadishu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa Nakivale si mahali pa pembeni katika habari hii. Iko katikati.

Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na waliokuja kwanza kwa wingi ni Watutsi waliokimbia mauaji ya Rwanda ya 1959. Walidhani watakaa mwaka mmoja. Walizaa, watoto wakasoma, wakajua Kinyankole kama wenyeji, ila uraia hawakupewa. Rwanda ikasema nchi imejaa, hakuna pa kuwaweka. Mwaka 1982, wakati wa Rais Obote, viongozi wa chama na serikali hapa Ankole waliwafukuza majumbani mwao maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda, wenye hati na wasio na hati. Wengine walisukumwa mpaka mpakani, wengine wakarudishwa makambini, Nakivale ikiwemo. Ng'ombe wao wakagawanywa na majirani. Vijana wengi waliona hayo wakamfuata Museveni msituni kupigana na Obote, na Januari 1986 wakaingia Kampala pamoja naye. Mmoja wao, Fred Rwigyema, aliyekulia ukimbizini nchini humu, akawa naibu waziri wa ulinzi. Hata hivyo walipogombana na watu juu ya kazi na ardhi, waliitwa wageni tena. Tarehe 1 Oktoba 1990 wakavuka mpaka wa Kagitumba wakiwa na silaha kurudi Rwanda. Rwigyema aliuawa siku ya pili.

Yaliyofuata dunia inayajua. Vita vya miaka minne, mauaji ya kimbari ya 1994, kisha Julai ile watu karibu milioni moja wakamiminika Goma kwa siku chache, na ndani yao jeshi lililoshindwa pamoja na wauaji, likapiga kambi hatua chache kutoka mpaka. Mwaka 1996 Rwanda na Uganda zikaingia kuwafuata na kumwondoa Mobutu, zikiwa na wenyeji wao, akiwemo Laurent-Désiré Kabila. Agosti 1998 zikaingia tena, safari hii kumwondoa Kabila huyo huyo zilizemsaidia kushika nchi, zikiwa na wenyeji wengine. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku sita ndani ya Kisangani, mji wa watu wengine, na raia wakafa kwa mabomu ya wageni wawili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kwa uvamizi huo mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaiamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Kuhusu M23, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba jeshi la Rwanda liko nyuma yao. Kigali inakana. M23 wenyewe wanasema wanatetea Watutsi wa Kongo, na wapo Watutsi wa Kongo wanaoteswa kweli, na wapo pia wasiotaka kutetewa hivyo. Watu wa pande zote hizi wanakutana Nakivale kwenye foleni moja ya maji.

Kwa hiyo nchi iliyohukumiwa kwa kuvamia ndiyo nchi iliyompa mzee kipande cha ardhi cha kujengea. Nalisema hili bila kuwadharau Waganda. Uganda inapokea wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, inawaacha watembee, wafanye kazi, walime, na nimeona kwa macho yangu. Sisi Kenya tuliwafungia watu Dadaab miaka na miaka wasitoke bila kibali. Lakini ukarimu wa Uganda una ukuta mmoja. Katiba yake ya 1995 inamnyima mtoto wa mkimbizi haki ya kuandikishwa kuwa raia kwa kuwa amezaliwa nchini humo. Anaweza kuzaliwa Isingiro, akazaa Isingiro, asiwe wa Isingiro. Na viwanja vinavyotolewa vinazidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka, wenyeji wa jirani nao wamekwisha kuanza kunung'unika juu ya malisho na kuni. Bibi wa Kakoba, aliyetutolea viti kwa moyo mweupe, aliwahi kumwambia wifi kwamba watu wa Nakivale "wamezidi". Maneno hayo tumeyasikia mahali. Yalisemwa Masisi, na yalisemwa hapa hapa Ankole mwaka 1982.

Kabla ya kuondoka nilikaa kidogo na yule mjukuu aliyetumwa mfuko. Mama yake, dada mkubwa wa wifi, alikimbia mapema kuliko mzee, na mtoto alizaliwa kituo cha afya cha papa hapa mwaka 2018. Ana Kiswahili cha babu yake, Kinyankole cha shuleni, na Kiingereza anachoimba bila kukielewa. Nikamwuliza yeye ni mtu wa wapi. Akaona swali halina maana. "Mimi ni wa hapa," akasema, akanionyesha mpaka wa kiwanja chao kwa kidole: mstari wa mawe matano na mche wa mpapai.

Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Rwanda imo, Uganda imo, Kenya na Tanzania zimo. Bandari yangu ya Mombasa na ile ya Dar es Salaam hupitisha mzigo unaokwenda Goma na madini yanayotoka huko, na ada zake zinalisha miji yetu. Tunajua kupimana kontena. Nawaomba wabunge wa Jumuiya, na wanasheria wa nchi zetu zote, wakae juu ya jambo moja kabla ya ushuru na mabomba ya mafuta: mtoto aliyezaliwa ukimbizini katika nchi mwanachama apewe nchi, kwa karatasi yenye muhuri unaotambulika Kampala, Kigali na Kinshasa. Na mashamba ya Masisi na ya Rutshuru jirani yake yaandikwe, moja moja, mbele ya majirani na mbele ya hakimu, kabla ya jeshi lingine kuja na daftari lake.

Mwaka 1990 waliovuka Kagitumba walikuwa watoto wa wakimbizi, wamechoka kuulizwa wao ni wa wapi. Mtoto wa mawe matano alizaliwa 2018. Atatimiza 18 mwaka 2036.